Njia unayopita, nani anakufahamu?

Swali la wiki liliuliza: "Ukitembea mjini jioni, unajihadhari vipi na vibaka?" Majibu ya wenzangu nimeyasoma: simu usiishike mkononi, begi livae mbele, uchochoroni usipite. Sawa. Ila mimi naishi Mbeya, na mwezi wa saba hapa kila mtu kavaa koti zito na kofia imefika kwenye nyusi. Ukiambiwa umwogope aliyejifunika, utaogopa mji mzima, mwenyekiti wa mtaa akiwemo. Mimi ningeuliza hivi: njia unayopita kila siku, nani anakufahamu?

Nasema hivyo kwa sababu ya shangazi yangu. Alikuja kutoka Tukuyu kwa ajili ya kliniki, na jioni moja tulikuwa tunatoka sokoni Mwanjelwa kuelekea Kabwe, saa moja inakaribia. Kipande hicho mimi nakimaliza bila kuinua macho. Yeye anasimama kwa muuza parachichi. Anasimama kwa fundi viatu. Anamuulizia mama mmoja wa vitenge aliyemzoea enzi za soko la zamani, lile lililoungua 2006. Anaambiwa alihamia soko la Sido, na Sido nako kulipoungua 2017 hajaonekana tena. Basi tukasimama kusikitika. Pochi nimeibana kwapani, giza linaingia.

Nyuma yetu kulikuwa na vijana wawili. Tukisimama, nao wanasimama. Nikamvuta shangazi tukaze mwendo. Akageuka, akawatazama usoni, akawasalimia kwa Kinyakyusa: "Mugonile!"

Wakababaika. Mmoja akasema, "Shikamoo mama." Akaitikia, akaanza kuwahoji: kwenu wapi, wa nani ninyi, baba yupo? Yule mrefu akasema Kiwira. Ikawa shughuli sasa: Kiwira upande gani, mnapakana na akina nani, na yule mzee aliyekuwa na ng'ombe wengi bado yuko hai? Mwisho akamkabidhi kapu lake, lenye vitunguu na dumu la mafuta ya kula. Nilitaka kulia. Walilibeba hadi kwenye bajaji, wakaliweka kwa adabu, naye akawaambia, "Ndaga fijo," yaani asante sana.

Nilikusudia kuishia hapo, maana hadithi ikiishia hapo mimi nimeshinda. Tatizo ni kwamba tulipofika Mafiati nilipapasa mfuko wa koti, simu hakuna.

Shangazi hadi leo anaapa si wale watoto. Anasema niliibiwa kwenye msongamano wa mitumba, kabla hatujawaona. Inawezekana, pale tulisukumwa kweli. Yule wa kapu mikono yake niliiona muda wote. Huyo mwenzake, nikisema nilimwona nitakuwa naongopa. Na sikupiga kelele za "mwizi", jambo ambalo nalishukuru, kwa kuwa sote tunajua pale Kabwe kelele hizo zikipigwa nini hufuata, na hakuna anayengoja ushahidi.

Kilichoniuma zaidi kilikuwa laini, maana pesa zilikuwa humo. Niliomba simu ya dereva nikapiga huduma kwa wateja, wakaifunga. Kesho yake nikaenda polisi kuchukua taarifa ya upotevu, kisha nikarudishiwa laini kwa alama ya kidole. Kama hujafanya, bonyeza *#06# leo hii, uziandike zile tarakimu 15 za utambulisho wa simu (IMEI) kwenye daftari, kwa maana ukishaibiwa huna pa kuzisoma.

Sasa msimamo wangu uko wapi? Bado nasimama kusalimia, angalau mchana. Muuza parachichi siku hizi akiniona huniambia, "Mama, leo pita upande huu wenye taa," na sidhani angejali kama nisingekuwa namjulia hali. Lakini salamu humfaa zaidi mtu mzima. Binti wa miaka kumi na minane akiwageukia vijana wawili gizani kuwauliza kwao wapi, anaweza kueleweka vingine kabisa. Wangu nimempa amri: saa moja ikishapita, simu ndani ya sweta, chini ya koti, na apande bajaji mpaka getini, hata kama nauli ya siku hiyo itatoka kwenye hela ya mboga. Watu wa Kabwe atawasalimia akiwa amekaa ndani.