Maswali ya wasomaji: Apophis ya 2029, tutaiona ao hatutaiona?

Yaya jambo. Niko na darubini ya milimita 76 shemeki alinitumia, ku karto wameandika inakuza mara 675 lakini nikiweka ile lansi ndogo naona giza tupu. Nasikia mu 2029 kuko jiwe itapita karibu na dunia, nataka niifatilie na hiyo mara 675 nione hata mashimo yake. Nifanye namna gani? (Himbi, Goma)

Ndugu yangu, hiyo 675 imeandikwa juu ya kuuza karto, si juu ya kuona. Darubini inabeba kama mara mbili ya milimita za kioo chake, basi yako ikifika 150 imefika mwisho, na hapo iwe usiku hewa imetulia kabisa. Kwa Apophis, ndiyo jina la lile jiwe la angani la 2029, hata 150 ni nyingi mno. Weka ile lansi yenye namba kubwa, 20 ao 25, ndiyo inakupa anga pana.

Mashimo nayo usahau. Jiwe lina upana wa mita 340 hivi na litapita kilomita karibu 32,000 toka ardhini, yaani chini ya zile satelaiti za televisheni zinazokaa kilomita 35,786, ni karibu ajabu lakini kwenye kioo chako litabaki nukta, nyota kama nyota zingine. Kitu cha kuona pale ni mwendo. Likiwa karibu zaidi litakuwa linavuka upana wa mwezi mpevu kwa dakika moja hivi, ukiangalia na macho matupu utadhani limesimama lakini ndani ya darubini unaliona linatembea kati ya nyota, na hiyo si kitu unaona kila mwaka.

Sasa kosa la wote ni kulikimbiza. Mtu anasukuma darubini, miguu inatikisika, nyota zote zinageuka misitari, akitulia jiwe limeshaenda. Wewe wa Goma unajua mvuvi wa sambaza hakimbizi samaki, anawasha taa anangoja. Chagua nyota moja iliyo kwenye njia yake, elekeza hapo dakika mbili hivi mbele, kaza skrubu, kaa kwenye kiti (sitanii, kiti ni chombo cha kwanza cha kazi hii, mtu aliyeinama anachoka na haoni kitu) halafu ngoja. Nyota zote zitateleza polepole pamoja juu dunia inazunguka, lakini moja itakuwa na njia yake peke yake, inazikata zingine. Ndiyo hiyo. Usiguse kitu mpaka itoke upande wa pili.

Shida yako kubwa itakuwa mawingu, mwezi wa ine kwenu ni mvua, na wingu likishuka usiku linaweza kubeba wekundu wa volkano ya Nyiragongo. Kama una ndugu huku Katanga anza kumsalimia mapema, kwetu mvua inakuwa inaisha.

Yaya, wanasema ni tarehe 13/4/2029 saa 21:46. Hiyo ni saa ya wapi? Mimi niko na jumeli tu, sina darubini. (Komine ya Kenya, Lubumbashi)

21:46 ni saa ya UTC, ile saa moja ya dunia nzima wanayotumia wataalamu. Sisi wa mashariki na Katanga tunaongeza mbili, inakuwa 23:46, saa tano na dakika 46 ya usiku, siku ya Ijumaa. Angalia vizuri, programu zingine ukiandika Kongo zinakupa saa ya Kinshasa, nayo iko nyuma yetu kwa saa moja.

Lakini hapa ndipo watu wengi watakosa: hiyo dakika si ya kwetu! Wakati huo jiwe litakuwa juu ya bahari ya Atlantiki, huku litakuwa limeinama sana magharibi, nyuma ya miti na mapaa ya jirani. Njia yake inatoka upande wa Australia, inavuka bahari ya Hindi, inapita juu ya Afrika, kwa hiyo zamu yetu ni kabla. Toka nje giza likiingia, usingoje saa tano na nusu.

Mahali kamili pa kuangalia chukua kwenye Horizons, ukurasa wa NASA wa mtandaoni, ni bure, unaandika mji wako inakupa meza ya dakika kwa dakika. Weka Lubumbashi kweli, usikopi ya rafiki wa Goma: kati yetu kuna kilomita 1,100 hivi na kwa jiwe lililo karibu namna ile tofauti inaweza kufika karibu digrii 2, miezi mipevu mine ukiipanga, kwenye darubini umekosa kabisa. Stellarium, ile programu ya ramani ya anga, iko muzuri kwa kujua nyota, ila kwa jiwe lenyewe siku hiyo mimi siiamini, dunia itakuwa inalivuta na kulipinda njia wakati programu inahesabu jua peke yake.

Jumeli inatosha, hata macho. Fanya mtihani: angalia Msalaba wa Kusini, nyota ine kubwa halafu ile ya tano ndogo iliyo pembeni. Ukiiona ile ya tano toka lupango yako, Apophis likiwaka zaidi utaliona. Mwezi hautakusumbua, utakuwa mwandamo siku hiyohiyo. Taa ya jirani ndiyo itakusumbua, kama kuran haitakatika.

Kwetu kanisani walisema hilo jiwe litaanguka na watoto wangu hawalali. Ni kweli? (Mama wa Kadutu, Bukavu)

Hapana mama. Maneno hayo yana mzizi wake: jiwe liligunduliwa 2004, na Desemba ya mwaka ule hesabu ilifika 2.7 kwa mia kwamba lingetupiga 2029, watu waliogopa na walikuwa na sababu. Ila hesabu ile ilikuwa ya siku chache za kuangalia. Walivyozidi kuangalia ilianguka, na Machi 2021 rada ya Goldstone kule Marekani ikapima njia yake vizuri, wakasema miaka 100 hivi hakuna hatari. Waambie watoto, na Ijumaa ile walale mchana.

Foto ya telefone inawezekana? (Likasi)

Ndiyo, kama inakubali sekunde 30. Iegemeze kwenye tofali, tumia ile saa ya kuhesabu ili usiiguse, piga nyingi mfululizo kisha linganisha nukta kwa nukta. Inayohama ndiyo yako. Ikivuka foto yote mara moja ni satelaiti, ikimetameta ni ndege.