Maswali na Majibu: Helikopta Mpya na Tiltirota

Katika maonesho ya usafiri wa anga siku hizi, mabanda makubwa hayakosi modeli ya chombo kinachopaa kama helikopta na kukimbia kama ndege. Baadhi huitwa tiltirota, kwa sababu rota zake (mapanga yanayozunguka) hugeuka kutoka juu kuelekea mbele. Tumechagua maswali matano ya wasomaji kuhusu vyombo hivyo.

Kwa nini helikopta ya kawaida haikimbii kama ndege?

Tatizo liko kwenye mapanga. Ncha ya panga huzunguka kwa takriban mita 210 kwa sekunde. Helikopta ikienda kilomita 400 kwa saa, yaani mita 111 kwa sekunde, panga linalokwenda mbele hukutana na hewa kwa mita 321 na linalorudi nyuma kwa mita 99 tu. La kwanza linaikaribia kasi ya sauti (mita 340), hivyo ukinzani hupanda ghafla. La pili hulazimika kuongezewa pembe hadi hewa inaachana nalo na uwezo wa kunyanyua unapotea. Rubani huanza kuhisi mtetemo, kisha pua huinuka na chombo hulalia upande. Rekodi ya helikopta ya kawaida, kilomita 400.87 kwa saa, iliwekwa na Westland Lynx tarehe 11 Agosti 1986, na bado ipo.

V-280 ya Bell ina tofauti gani na V-22 Osprey?

Zote mbili ni tiltirota za kijeshi za Marekani. Osprey hugeuza injini nzima pamoja na rota. Inapotua, moshi wa moto huelekezwa chini na kuunguza nyasi. Kwenye V-280 injini imelala muda wote. Kinachoinuka ni rota na giaboksi yake (sanduku la gia), na askari hushukia milango ya ubavuni. Ilipaa mara ya kwanza tarehe 18 Desemba 2017, ikavuka kilomita 550 kwa saa katika majaribio, na Jeshi la Nchi Kavu la Marekani likauchagua muundo wake Desemba 2022.

Injini moja ya tiltirota ikizimika, si itapinduka?

Hapana. Shafti (mhimili unaozunguka) inayopita ndani ya bawa huunganisha giaboksi za pande zote mbili, kwa hiyo injini iliyobaki huzungusha rota zote. Sisi tunaiogopa giaboksi kuliko injini. Tarehe 29 Novemba 2023 Osprey ilianguka karibu na kisiwa cha Yakushima, Japani, baada ya gia ndogo ya giaboksi ya kushoto kupasuka. Watu 8 walikufa. Kabla ya hapo maonyo ya vipande vya chuma kwenye oili yalikuwa yamewaka mara kadhaa.

Fundi akichomoa sumaku inayonasa vipande vya chuma kwenye oili ya giaboksi, aitazame kwenye mwanga mzuri. Unga laini kama masizi mara nyingi ni uchakavu wa kawaida. Gamba linalong'aa au kipande chenye makali kimebanduka kwenye gia au beringi, na chombo kisipae mpaka ijulikane kimetoka wapi.

Airbus Racer nayo ni tiltirota?

Siyo. Rota yake hubaki juu, na pangaboi mbili nyuma ya mabawa huisukuma mbele. Pangaboi hizo zikisukuma kwa nguvu tofauti, huzuia pia mwili usizunguke, ndiyo maana haina rota ya mkia. Ilipaa tarehe 25 Aprili 2024 na imeshavuka kilomita 400 kwa saa.

Nikifika bandani niulize nini?

Uliza kinabeba kilo ngapi kikielea mbali na ardhi, kwenye joto la nyuzi 35. Kasi ya juu utaisoma kwenye bango. Hiyo namba nyingine mara nyingi hutaikuta. Kisha gawanya uzito wa kupaa kwa eneo la duara la rota (zikiwa mbili, jumlisha). Helikopta ya Airbus H145 ya mapanga matano, kilo 3,800 na rota yenye kipenyo cha mita 10.8, hupata takriban kilo 41 kwa mita ya mraba. Osprey ikipaa wima hupata takriban 113, kwa hiyo kila kilo huhitaji nguvu zaidi ya mara moja na nusu ili ielee, na upepo unaoshuka chini yake unaweza kufika kilomita 150 kwa saa. Upepo huo hung'oa mabati yaliyolegea na kupindua machela, basi uliza pia kiwanja cha kutulia kinatakiwa kiweje.