Umeme wa kituo cha anga za juu ni wa jua, si wa nyuklia
Je, Kituo cha Kimataifa cha Anga za Juu kinaendeshwa kwa mtambo wa nyuklia? Hapana, hakina. Kinatumia paneli za sola, na kwa mzunguko wa karibu na Dunia sioni cha kuzishinda. Kinamaliza mzunguko kwa dakika 90 hivi, gizani kinakaa kama 35 tu, hivyo betri za lithiamu zinakivusha. Nyuklia je? Jenereta ya plutoniamu ya kigari Curiosity kule Mirihi ilianza na wati 110 hivi. Kituo kinahitaji kilowati 75 hadi 90! Seli zinazozalisha umeme kwa hidrojeni na oksijeni zilifaa chombo cha Marekani, Space Shuttle, kwa kuwa safari zake zilikuwa fupi. Ila Mwezini hesabu hubadilika, maana usiku wa kule ni wiki mbili.