Maswali ya Wasomaji: Kuwaazimisha watafiti wa tiba kompyuta yako

Toleo lililopita tulitaja kwa mistari miwili tu kwamba kompyuta ya nyumbani, ikiwa imekaa bure, inaweza kukokotolea watafiti wa magonjwa. Maswali yaliyokuja hayaenei ukurasa huu. Tumechukua yale yaliyojirudia.

Habari za kazi. Mimi ni fundi cherehani, si daktari. Hii kompyuta yangu ya Tabata itamsaidiaje mtafiti aliyeko Marekani?
*Msomaji, Tabata Segerea*

Nzuri, ndugu yetu. Udaktari hauhitajiki, kinachohitajika ni prosesa yako, ule ubongo wa kompyuta unaopiga hesabu. Protini ni mnyororo unaojikunja mpaka upate umbo lake, na ukijikunja vibaya huleta maradhi kama Alzheimer. Mtafiti anataka kuuona mwendo wenyewe, lakini kompyuta huukokotoa kwa vihatua vya femtosekunde mbili hivi, na femtosekunde ni sekunde moja igawanywe mara milioni bilioni. Kwa mwendo huo, kufuatilia milisekunde moja tu ya protini ni hatua bilioni 500. Hakuna mashine moja ya chuo inayoweza kupewa kazi hiyo ikaimaliza upesi, kwa hiyo hukatwa vipande vifupi, kila kipande kikatumwa nyumbani kwa mtu, majibu yakaunganishwa.

Hivyo ndivyo ifanyavyo Folding@home, iliyoanza Chuo Kikuu cha Stanford mwaka 2000 na leo inaongozwa na Greg Bowman wa Chuo Kikuu cha Pennsylvania. Machi 2020, watu walipojiunga kwa wingi kwa ajili ya korona, ilivuka mahesabu bilioni bilioni moja kwa sekunde, kiwango ambacho hakuna kompyuta kuu yoyote duniani iliyokuwa imekifikia.

Mlango wa pili ni BOINC, programu ya Chuo Kikuu cha California, Berkeley. Yenyewe haina utafiti, ni mfano wa daladala: unachagua abiria. Humo mna Rosetta@home ya maabara ya David Baker, aliyepata Nobel ya kemia 2024, na World Community Grid iliyoanzishwa na IBM mwaka 2004 na sasa iko chini ya Taasisi ya Krembil, Toronto. Jiunge na miradi miwili kwa pamoja, maana mradi mmoja hukaukiwa kazi wakati mwingine na kompyuta ikabaki inapiga miayo.

Mbona yote ni ya Wazungu? Malaria na TB hazimo?
*Mwalimu, Mbagala*

Zimekuwamo, mwalimu. Malariacontrol.net ilitumia kompyuta za watu kupima kwa hesabu jinsi malaria inavyosambaa na chandarua au chanjo vingeipunguza kiasi gani. Ulikuwa mradi wa taasisi ya magonjwa ya tropiki ya Basel, Uswisi, ileile iliyoweka maabara Ifakara mwaka 1957, ambayo leo ni Taasisi ya Afya Ifakara. Mradi ulifungwa 2016. Kwa kifua kikuu, Chuo Kikuu cha Nottingham kilianzisha Help Stop TB mwaka huohuo ndani ya World Community Grid, kuchunguza mafuta ya ukuta wa bakteria yanayoizuia dawa isipenye. Miradi hufunguliwa na kufungwa, hivyo siku unapojisajili tazama ni ipi yenye kazi.

Shikamooni. Mume wangu ameniambia nikiwasha hiyo kitu usiku LUKU itaisha kabla ya tarehe kumi. Ni kweli?
*Mama wawili, Kimara*

Marahaba, mama. Inategemea mashine, na hapo mumeo hajakosea kuonya.

Chukua kompyuta ya mezani ya kawaida. Ikifanya kazi kwa nguvu zote inaweza kula wati 120. Kwa saa nane ni uniti 0.96, kwa siku 30 ni uniti 28.8. Tukipiga hesabu ya shilingi 350 kwa uniti pamoja na kodi, hiyo ni 10,080 kwa mwezi. Laptopu ya wati 45 kwa saa hizohizo ni uniti 10.8, yaani 3,780. Mashine ya magemu yenye kadi kubwa ya grafiki, wati 300, ni uniti 72, na hapo umetoa 25,200.

Sasa angalia mtego. Kama nyumba yenu iko kwenye tarifa ya D1, ile ya wanaotumia hadi uniti 75 kwa mwezi, mnalipa umeme wa bei ya chini sana. Uniti 28 za kompyuta zikiwavusha 75, hasara si bei ya hizo 28 peke yake. Mnaweza kuhamishiwa T1, tarifa ya kawaida, na kila uniti ya friji na pasi ikapanda karibu mara tatu. Kabla ya kuwasha chochote, jumlisha uniti za risiti zenu za miezi mitatu, gawanya kwa tatu. Mkiwa kwenye 60 kwa mwezi, kompyuta ya mezani usiku kucha si ya kwenu. Laptopu saa tatu kwa siku ni kama uniti nne, hiyo inaingia.

Usiziamini wati tulizoandika hapa, pima za kwako. Kwenye mita kuna kitaa chekundu kinachometa, na pembeni pameandikwa idadi ya mimeto kwa uniti, mara nyingi 1000 imp/kWh. Zima kila kitu ndani, friji pia, acha kompyuta peke yake ikikokotoa. Hesabu mimeto kwa dakika sita, zidisha kwa kumi. Mimeto 12 ni wati 120. Kisha simamisha programu, uhesabu tena. Ikishuka hadi mitano, maana yake kompyuta ikiwa imewaka tu inakula wati 50, na utafiti unaongeza 70. Kwa mtu ambaye kompyuta yake huwaka mchana kutwa kwa kazi za stationery, gharama halisi ya msaada ni hizo 70 tu: uniti 16.8 kwa mwezi, sawa na 5,880. Ndiyo maana tunawashauri wengi waazimishe mchana wanapoandika na kuchapa, badala ya kuiwasha mashine usiku kwa ajili hiyo pekee. BOINC hukaa nyuma ya kazi nyingine zote, huoni Word ikizubaa.

Laptopu yangu ilianza kupiga kelele kama kinu cha mahindi, na chini ikawa haishikiki. Nimeiharibu?
*Msomaji, Kigamboni*

Bado, lakini ipumzishe. Prosesa inavumilia nyuzi 80 hadi 85 kwa masaa. Ikikaribia 95 hujipunguza mwendo yenyewe, na hapo unalipa umeme wa kasi unapata kazi ya polepole. Dar ya Januari hewa ikiwa nyuzi 32 chumbani, na mashine iko juu ya kitanda, feni inanyonya godoro.

Ndani ya BOINC, kwenye mipangilio ya ukokotoaji, kuna asilimia mbili zinazowachanganya watu. Ya kwanza ni idadi ya viini vya prosesa, yaani vile vipande vyake vinavyokokotoa kwa pamoja, ya pili ni muda wa prosesa. Wengi hupunguza ya pili kuwa 60. Matokeo yake programu inawaka na kuzimika kila baada ya sekunde chache, feni inapanda na kushuka, joto linaruka. Acha muda 100, punguza viini kuwa 50. Mashine ya viini vinne itatumia viwili, joto litatulia.

Kama bado iko juu ya 85, tatizo ni vumbi. Hapo kwenu kuna na upepo wa chumvi. Vumbi lenye unyevu huganda kati ya mapezi ya shaba kama blanketi, kupuliza kwa mdomo hakulitoi. Mpelekee fundi aifungue, asafishe, abadilishe ile grisi nyeupe juu ya prosesa iliyokauka. Mwambie unataka uione ya zamani ikifutwa mbele yako.

Umeme ukikatika katikati ya kazi, na bando nalo?
*Msomaji, Sinza*

Programu huhifadhi hatua mara kwa mara. BOINC huomba kila sekunde 60, ingawa baadhi ya miradi huhifadhi kwa nafasi ndefu zaidi. Ukikatika unapoteza tangu hatua ya mwisho, si kazi yote.

Kinachoua kazi ni tarehe. Kila kipande kina siku yake ya kurudi. Ikipita, seva, yaani kompyuta ya mradi inayogawa kazi, inampa mtu mwingine, na umeme wako umekwenda bure. Kosa la kawaida ni kuhifadhi kazi nyingi ukiogopa intaneti kukatika: mtu anaweka siku tano, mashine yake inawaka saa tatu kwa siku, nusu inachelewa. Weka akiba ya siku 0.1 na nyongeza ya 0.1, basi. Ukisafiri kwenda mkoani, bonyeza "No new tasks" siku mbili kabla. Kwa Folding@home ni "Finish", inamaliza kilichopo na kutulia.

Kuhusu bando, vipande vingi vya prosesa ni megabaiti chache. Majibu ya kadi ya grafiki ya Folding@home ndiyo mazito, yanaweza kufika makumi ya megabaiti kila moja. BOINC inakuruhusu kuweka kikomo cha megabaiti kwa siku kadhaa, kiweke kabla ya kipande cha kwanza kushuka.

Simu je?
*Msomaji, Gongo la Mboto*

BOINC ya Android ipo. Kwa kawaida haifanyi kazi mpaka simu iwe kwenye chaji, betri imepita asilimia 90, na uko kwenye Wi-Fi, na husimama betri ikifika nyuzi 40. Usivilegeze vikomo hivyo. Betri iliyovimba haina dawa.

Wanalipa?
*Msomaji, Manzese*

Hawalipi. Unapata pointi za kujivunia. Anayekuahidi shilingi kwa kupakua "programu ya utafiti" aliyokutumia kwa WhatsApp huenda anakuchimbishia sarafu zake za kidijitali kwa LUKU yako. Pakua boinc.berkeley.edu au foldingathome.org tu. Na kompyuta ya ofisi usiiguse bila kibali cha maandishi, umeme ule una mwenyewe.