Nyumba ya Mawe ya Babu na Mifuko Sita ya Saruji

Juzi msomaji mmoja kaniandikia. Yeye na ndugu zake, tisa kwa jumla, wamerithi nyumba ya mawe Mji Mkongwe, Unguja. Ukuta unamenyeka, na fundi kawaambia wapige lipu ya saruji mambo yaishe. Nilijiona mimi mwenyewe.

Nyumba yetu aliinunua babu yake baba enzi za Mwingereza. Vyumba virefu, vyembamba. Wageni huuliza kwa nini, na jibu liko juu ya vichwa vyao: boriti za mikandaa hazifiki mbali, kwa hiyo mti ndio uliopima chumba. Kila ikikaribia Ramadhani bibi alikuwa akipaka kuta chokaa, nasi wajukuu tukimcheka.

Alipofariki, ukuta wa jikoni ukaanza kumwaga unga. Mimi msomi sikumuuliza mtu. Mifuko sita ya saruji, siku tatu, ukuta ukanyooka kama sahani. Nikawatumia picha ukoo mzima. Wote walinisifu isipokuwa ami, aliyenyamaza.

Masika ya pili dari ilishuka usiku. Alhamdulillahi jikoni hakukuwa na mtu. Asubuhi niliziokota ncha za boriti zilizokuwa zimezama ukutani, zikamegeka mkononi kama mkate uliorowa. Mzee mmoja fundi wa chokaa alinieleza huku akicheka: jiwe la matumbawe hunywa maji, chokaa huyaacha yatoke, saruji huyafungia ndani, na boriti ndiyo inayooza.

Basi ndugu yangu, saruji usiiguse. Na kabla ya hiyo chokaa, panda juu ukatazame paa na mifereji, maana ukuta ukimenyeka chini, mara nyingi maji yameingilia juu. Kibali cha Mamlaka ya Mji Mkongwe kitafute kabla hujaleta fundi. Nimesema saruji usiiguse? Nasema tena.

Sasa hao tisa. Kwetu mirathi imegawanyika mpaka wengine fungu lao halitoshi hata kizingiti. Nilipoomba mchango wa dari walitoa watatu. Mmoja akaniambia, “Aliyeivunja ndiye aijenge.” Alikuwa na haki, sikatai, lakini neno lile linaniuma hadi leo, hasa nikimwona akija na marafiki zake kupiga picha kwenye mlango wetu wa nakshi. Niliijenga peke yangu, na imesimama. Nyinyi andikeni mapema nani atalipia paa, na kama mnafikiria wakfu, lizungumzeni wazee wangali hai.

Jamani, tunaringa kwamba mji wetu ni urithi wa dunia tangu 2000, huku mifereji imejaa majani! Beit al-Ajaib, jumba la Sultan Barghash la 1883, sehemu yake iliporomoka tarehe 25 Desemba 2020 ikaua watu wawili. Jumba la serikali lile. Yenu yenye warithi tisa wanaotegeana, mnadhani itawasubiri?

Ukikosa fundi wa chokaa, niandikie tena. Yule mzee wangu bado anapanda ngazi, ila Ijumaa hapokei simu.