Maswali ya Wasomaji: Karata Tatu Ndogo Hutupwa Lini?

Barua tatu za toleo hili zinahusu mchezo mmoja, yaani poka ya stadi ya karata saba ambayo kitita chake hugawanywa baina ya mkono wa juu, yaani karata tano zenye nguvu kuliko zote, na mkono wa chini, yaani karata tano ndogo kuliko zote. (Neno stadi hapa ni jina la mchezo tu, wala halimhakikishii yeyote ustadi.) Kwa faida ya wasioufahamu, kila mchezaji hutoa kiingilio, kisha hupewa karata mbili zilizofichwa na moja ya wazi. Baadaye hupata tatu nyingine za wazi, moja baada ya moja, na ya saba huja imefichwa. Dau huwekwa katika kila hatua: dogo kwenye karata ya tatu na ya nne, na kubwa kuanzia ya tano. Mkono wa chini hukubalika pale tu mchezaji anapokuwa na karata tano za namba tofauti, zote zikiwa 8 au pungufu yake, na upande huu ree huhesabiwa kuwa moja. Asipopatikana hata mmoja mwenye mkono huo, mwenye mkono wa juu huchukua kitita chote.

SWALI: Ndugu mshauri, mimi hucheza na wenzangu watano kila juma. Nilifundishwa kwamba mtu akianza na karata tatu ndogo hazitupi. Juma lililopita nilipewa 2 na 6 zilizofichwa na 7 ya wazi, zote za aina tofauti. Wenzangu walionyesha ree, 3, 4, 5 na malkia. Mwenye 3 aliweka dau la lazima, mwenye 4 akalipandisha kuwa dau kamili, mimi na mwenye ree tukalipa, na wengine wakatupa. Karata ya nne ikaniletea mfalme, ilhali mwenye 4 alipata 5 na mwenye ree akapata 3. Nililipa kila dau hadi mwisho na nikafanikiwa kuwa na mkono wa chini wa 8, lakini mwenye ree alifunua 5, 4, 3, 2 na ree, akakomba kitita chote. Je, nilikosea, au bahati ndiyo iliyonikimbia?

JIBU: Ndugu msomaji, ulikosea mara mbili. Kosa la kwanza lilikuwa dogo, nami ningelisamehe. La pili ndilo lililokula fedha zako, na halikutokea mwishoni ulipofunuliwa mkono ule mzuri, bali pale mfalme alipotua mbele yako.

Tuanze na karata ya tatu. Ni kweli kwamba karata tatu ndogo ni mwanzo unaotafutwa katika mchezo huu, lakini hazilingani thamani. Mwenye ree, 2 na 3 akiukamilisha mkono wake wa chini, mara nyingi utakuwa mkono unaoshinda, na ree yenyewe humsaidia pia upande wa juu. Mwenye 4, 5 na 6 ana pia njia ya mfululizo, yaani karata tano za namba zinazofuatana, na zikiwa za aina moja, kama zote ni kopa, ana njia ya tatu, yaani karata tano za aina moja. Wewe ulikuwa na 2, 6 na 7 zisizofanana aina. Hata ungezipata karata mbili unazozihitaji, mkono wako wa chini usingeweza kuwa bora kuliko ule unaoanzia 7 na kufuatiwa na 6, na mkono wa namna hiyo hushindwa na mingi. Upande wa juu ulitegemea mfululizo ambao 2 yako haisaidii kitu mpaka zije 3, 4 na 5 zote.

Kisha tazama karata zilizokuwa wazi mezani, jambo ambalo wachezaji wengi hulifanya kwa jicho la pembeni. Ulihitaji namba mbili tofauti kati ya ree, 3, 4, 5 na 8. Kama usingeona karata ya mtu yeyote, nafasi ya kukamilisha mkono wa chini kwa karata tatu ndogo za kuanzia ni asilimia 48 hivi. Lakini wewe ulikuwa umekwisha kuona ree moja, 3 moja, 4 moja na 5 moja mikononi mwa wengine, hivyo nafasi yako ilishuka hadi asilimia 41. Kwa kuwa aliyepandisha dau alionyesha 4, na nyuma yake yuko mtu mwenye ree, mimi ningetupa. Hata hivyo, ulilipa dau dogo moja tu kuitazama karata ya nne, nami sitakulaumu sana kwa hilo.

Karata ya nne ni jambo jingine kabisa, na hapa naomba tukae kidogo. Katika mchezo huu hakuna karata inayobadilisha hali ya mchezaji wa mkono wa chini kama hiyo. Mwenye karata tatu ndogo akipata ya nne iliyo ndogo na isiyofanana na alizo nazo, nafasi yake ya kukamilisha hupanda kutoka asilimia 48 hadi 71. Akipata kubwa, au akipata inayofanana na mojawapo ya zake, hushuka hadi 32. Mtu aliyekuwa karibu na nusu kwa nusu anajikuta ama yuko mbele sana ama ameachwa nyuma, na hayo yote yametokea kabla ya dau kubwa kuanza. Ndiyo maana naiona hatua hii kuwa mlango wa kutokea wenye gharama ndogo kuliko yote: anayetoka hapo amepoteza kiingilio na dau dogo moja, lakini anayebaki anajiwekea deni la madau makubwa matatu.

Wewe hukuwa hata na hiyo 32. Wapinzani wako walipochukua 5 na 3 za ziada, walijiimarisha na papo hapo wakakupunguzia karata ulizozihitaji. Ukihesabu karata 41 ambazo hukuwa umeziona, zilizokufaa zilikuwa 14 tu: ree tatu, 3 mbili, 4 tatu, 5 mbili na 8 nne. Ulihitaji mbili za namba tofauti katika karata tatu zilizosalia, na nafasi ya hilo ni asilimia 23. Tena hiyo ni nafasi ya kuwa na mkono wa chini wowote. Nafasi ya kuushinda mkono wa mtu anayeonyesha ree na 3, na papo hapo ule wa anayeonyesha 4 na 5, ni ndogo zaidi.

Tulipime jambo hili kwa fedha. Tuseme kiingilio ni 1, dau la lazima 3, dau dogo 10 na dau kubwa 20. Kabla ya karata ya nne kitita kilikuwa na 39. Kama kila hatua ingekuwa na dau moja bila mtu kuongeza, kubaki hadi mwisho kungekugharimu 70, na kwa wachezaji watatu kitita kingefika 249. Wewe ulikuwa ukiwania nusu yake, yaani 124 na kidogo. Hata tukikubali, kwa ukarimu mkubwa, kwamba kila mkono wako wa chini ungeshinda, asilimia 23 ya nusu hiyo haifiki 29. Umelipa 70 kununua kitu kisichofika 29. Mkono wa juu ungekuongezea kidogo, na kujitoa kwenye karata ya tano kungekupunguzia hasara, lakini hakuna hesabu ninayoijua inayoziba pengo la ukubwa huo.

Je, mfalme akija basi ni kutupa kila mara? Hapana. Laiti ungekuwa umebaki na mpinzani mmoja, naye akapata ghulamu au 10, mngekuwa mmeharibikiwa wote wawili, na hapo kulipa dau dogo moja kungekuwa na maana. Vivyo hivyo, kama karata zako tatu ndogo zingekuwa za shupaza na mfalme naye akawa wa shupaza, ungekuwa na karata nne za aina moja na njia nzuri ya upande wa juu. Kinachoamua ni mambo mawili yakitazamwa kwa pamoja: karata uliyoipata wewe na zile walizozipata wenzako. Wewe uliharibikiwa peke yako, mbele ya watu wawili waliotengenekewa, na katika hali hiyo hata ree, 2 na 3 nzuri za kuanzia ningezitupa mara nyingi.

SWALI: Katika poka ya stadi ya mkono wa juu pekee, jozi ya mfalme hunipa faida. Katika mchezo huu wa kugawana naona hunitia hasara. Niicheze vipi kwenye karata ya tatu?

JIBU: Jozi hiyo imebaki ileile, kilichobadilika ni malipo yake. Mkiwa wawili na kila mmoja ameweka 50, kupata nusu ya kitita ni kurudishiwa 50 yako pamoja na sehemu ya viingilio. Mwenye jozi ya mfalme anajua tangu mwanzo kwamba upande wa chini si wake, ilhali mwenye 4, 5 na 6 anaweza kuuchukua wa chini na bado akapata mfululizo ukaipita jozi yako. Unawania nusu na mwenzako anawania yote.

Kwa hiyo icheze pale unapoweza kubaki na mtu mmoja. Kama karata ndogo ya wazi ni moja au mbili tu, ongeza dau mara moja ili wenye karata ndogo walio nyuma yako waone gharama ya kuingia, kwa sababu kila anayeingia na karata ndogo anaongeza uwezekano kwamba kitita kitagawanywa. Kama watu watatu wenye karata ndogo wamekwisha kuingia, au mwenye ree ya wazi ameongeza dau kabla yako, tupa. Ree hiyo ikiwa na mwenzake amefichwa, jozi yako imekwisha kushindwa upande wa juu. Ikiwa na karata ndogo mbili, mwenyewe anakwenda pande zote mbili. Jozi ya ree yenye karata ndogo pembeni ni habari nyingine kabisa, kwani hiyo unaweza kuiongezea dau mbele ya watu wengi au wachache. Jozi za 9, 10 na ghulamu sizipendi hata kidogo, kwa kuwa zina kasoro zote za jozi ya mfalme bila nguvu yake.

SWALI: Mpinzani wangu alipopata jozi ya wazi kwenye karata ya nne, alidai ana haki ya kuweka dau kubwa. Je, ni kweli?

JIBU: Haki hiyo hutolewa katika poka ya stadi ya mkono wa juu pekee. Katika mchezo wa kugawana, kanuni ya kawaida ni kwamba jozi ya wazi haibadilishi kiasi cha dau, hivyo karata ya nne hubaki kwenye dau dogo kwa kila mtu. Ila jozi hiyo ukiitazama vizuri inakuambia jambo: kama alianza na 5 ya wazi kisha akapata 5 nyingine, mkono wake wa chini haukusogea hata hatua moja, na wewe uliyepata karata ndogo mpya umempita upande huo, ingawa yeye sasa anakutangulia upande wa juu.