Jibu: Konda anakatisha ruti na nauli nimeshatoa

Salaam mkuu. Kwa hiyo hapo Dar unapanda daladala la Gongo la Mboto jioni, unatoa nauli kamili, halafu mnashushwa kituo cha Banana, kabla ya mwisho wa ruti, eti gari linageuza. Njia hiyo naijua.

Kwanza, usitegemee maandishi ya ruti mbele ya gari, sikiliza konda anaita nini. Akiita "Banana, Banana!" ujue haendi mwisho. Muulize mlangoni, kwa sauti, wengine wasikie: "Inafika Gongo la Mboto?"

Nauli usitoe mapema. Mimi namwacha achezeshe sarafu zake kiganjani mbele ya uso wangu hadi tukipite kituo cha Airport, karibu na Banana. Atanuna, lakini makonda wa jioni hununa hata ukiwalipa mapema, pale Tazara.

Ikiwa umeshalipa na gari limekatisha, usishuke peke yako. Kaeni wote mdai kufaulishwa, yaani konda wenu ndiye amlipe konda wa gari linalofuata ili liwamalizie safari. Ukishakanyaga chini, imekula kwako. Akigoma, piga picha namba ya gari upeleke LATRA, mamlaka inayosimamia usafiri wa nchi kavu, kwa sababu kukatisha ruti ni kosa. Trafiki akiwa karibu, mtaje tu. Mara nyingi dereva anawasha gari safari inaendelea.